Sahihi ya Baba

Kila asubuhi baba hunywa chai wima, begi la spana begani. Ni fundi wa lifti. Akimaliza kukagua lifti huandika ripoti kwenye simu, huingiza neno lake la siri, na ripoti inatiwa sahihi ya kidijitali. Bila sahihi hiyo, lifti hairuhusiwi kubeba mtu.

"Humu ndani kuna namba ya siri," aliwahi kunieleza, akinionyesha simu yake. "Hesabu fulani, iitwayo ya mstari uliopinda, inaigeuza kuwa namba ya wazi, kufumba na kufumbua. Kwa ile ya wazi, yeyote anaweza kuhakiki sahihi yangu. Lakini airudishe nyuma aipate ya siri? Thubutu!"

Mimi sikuhitaji hesabu. Nilimchungulia tu akiandika neno la siri linaloifungua namba hiyo. Barua ya shule ilipoingia kwenye simu yake, kwamba nimetoroka vipindi vinne na mzazi atie sahihi, niliitia mwenyewe yeye akiwa anaoga, nikairudisha shuleni, kisha nikaifuta barua kwenye simu. Nikajiona mjanja kweli!

Wiki iliyofuata tuliitwa shuleni. Mwalimu mkuu aligeuza kompyuta yake.

"Mzazi, sahihi imehakikiwa, ni yako. Ulisoma ukanyamaza?"

Baba alikodoa macho. Hapo ndipo nilipoelewa shimo nililomchimbia. Akisema ni yake, anadanganya. Akisema si yake, basi kuna mtu anatumia ufunguo wake, yaani ile namba ya siri, na kila lifti aliyoisaini ina mashaka. Mlango ulikuwa hatua mbili tu, lakini sikuwa na pa kutokea.

"Si yangu," baba akasema.

"Sasa ni ya nani?"

"Ni mimi!" nikaangua kilio. "Nisamehe, baba."

Hakunigombeza. Alipiga simu ofisini. "Futeni ufunguo wangu. Lifti zote nilizosaini mwezi huu zisimame mpaka nizikague upya."

Zilikuwa kumi na moja. Jumamosi nilimbebea begi ngazi kwa ngazi. Hospitalini tulipishana na wauguzi wawili wamembeba bibi mgonjwa kwenye kiti, wakipumzika kila ghorofa. Bibi alinipa pole kwa mzigo wangu. Nikaharakisha kupanda.

Lifti ya hospitali ilipokuwa tayari, baba alinitazama.

"Mwanangu, sahihi yangu ni mimi nikimwambia yule bibi: panda, hutaanguka. Ukiitumia wewe, unamwahidi kitu usichokijua. Uaminifu ni huo."

Akatoa simu aisaini kwa ufunguo mpya na neno jipya la siri. Nikageukia ukutani kabla hajaniambia.