Lenzi ya Bei ya Kutupa

Tulitoka nyumbani kabla ya magharibi kwenda kununua lenzi ya kamera. Safari fupi tu: kufuata tuta la mto Padma, kukata kichochoro cha wauza viatu, mpaka dukani kwa Dulal, sokoni Saheb Bazar. Mume wangu alinifuata nyuma akitafuna mkate wa unga wa kalai na pilipili, akinicheka kwa sababu nilikuwa nimebeba tochi.

"Jua bado liko juu, Mona. Tochi ya nini?"

"Ya kuangalia kuvu ndani ya kioo."

"Kuvu, au roho ya mwenye duka?"

"Vyote viwili."

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Muuzaji akinitabasamia, nahesabu vidole vyangu. Lakini msimu ule sikuwa na njia. Bata wa baridi walikuwa wameshateremka mtoni, wale wenye vichwa vyekundu, na bata hao hawamsubiri mtu. Boti ikisogea tu, wameruka. Lenzi yangu ya zamani iliwafanya madoa. Mchapaji wa kalenda kule Dhaka, anayenunua picha zangu, alikuwa ameniambia bila kumung'unya maneno kwamba madoa anayo ya kutosha kwenye shati lake.

Dulal akapanga lenzi tatu juu ya kitambaa.

Ya kwanza mpya, ndefu, nzito kama mchi wa kinu. Kwa bei yake ningepata ng'ombe mwenye maziwa. Nikaisukuma pembeni. Ya pili fupi, nyepesi, bei ya watu wa kawaida, lakini haivuti mbali. Bata angebaki doa, ila doa kubwa zaidi.

Ya tatu ilikuwa imetumika. Ilivuta mbali karibu sawa na ile ya bei ya ng'ombe. Na bei yake ilikuwa chini ya ile fupi.

Nikaishika. Nikamulika tochi ndani: hakuna kuvu. Nikaielekeza mdomo chini nione kama inajinyoosha yenyewe kwa kulegea: imetulia. Nikazungusha pete zake, laini. Nikaitikisa sikioni, kimya. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana kitu kizima hakiuzwi bei ya kutupa.

"Ya nani hii?"

"Ya mpiga picha mmoja wa Godagari," Dulal akasema, akiangalia kitambaa chake. "Mke wake ndiye aliyeileta."

"Mume amekufa?"

"Hapana. Yupo."

"Mbona hakuja kuiuza mwenyewe?"

"Hapigi picha tena, dada. Anakaa tu nyumbani."

"Na mkewe hakuvutana bei?"

Dulal akageukia kuwasha ubani wake wa jioni. Mume wangu akanibinya kiwiko. "Chukua, Mona. Wewe hata malaika akikuletea maji utauliza kisima gani."

"Nitauliza, ndiyo. Kwanza nakwenda kuijaribu."

Kwa Dulal kila mteja hujaribu lenzi juu ya paa. Kule unaona mto wote, na kisiwa cha mchanga katikati yake wanakoishi akina Jobbar, mwenye boti anayenipeleka kwa bata. Nikamwacha mume wangu mlangoni na glasi ya chai, nikapanda.

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Kutoka nyumba za Wahindu ilisikika parapanda ya kombe, na mara adhana ikaipokea. Nikafunga lenzi kwenye kamera, nikaweka jicho.

Kamera yangu ni hizi za kisasa zisizo na kioo ndani. Ina akili yake. Inatafuta macho, ya mtu au ya ndege, na ikiyapata inayazungushia kisanduku cheupe. Kikigeuka kijani, inalia ti-ti, kukuambia nimemshika, piga.

Nikaielekeza kisiwani. Mchanga mtupu. Ukungu.

Kisanduku kikatokea.

Kilitulia pale mchangani, mahali pasipo na mtu wala kunguru. Kikageuka kijani.

Ti-ti.

Nikatoa jicho, nikatazama kwa macho yangu. Hakuna kitu. Ukungu umeipumbaza, nikajisemea. Nikasogeza lenzi upande wa huku, kwenye mkono mwembamba wa mto ambao msimu huo wa maji kupungua watu huuvuka kwa miguu, maji yakifika magotini.

Ti-ti.

Kisanduku kilikuwa juu ya maji. Kikubwa kuliko mwanzo. Kisanduku hukua kadiri uso unavyokuwa karibu.

Nikasikia harufu. Udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi... huko juu ya paa la zege.

Kwetu mtoto hajajua kuhesabu kumi, lakini anajua kuhesabu tatu. Jua likizama, ukisikia sauti inakuita kwa jina, hata ikiwa ya mama yako, huitiki. Unangoja. Nishi, pepo wa usiku, huiga sauti yoyote anayoitaka, lakini huita mara mbili tu; ya tatu hana. Ukiitika kabla ya ya tatu, umekwenda. Mimi nililelewa hivyo, na mume wangu pia.

Lakini kamera haikulelewa na mtu. Ikionyeshwa uso, inaitika hapo hapo. Nilikuwa nimesimama juu ya paa, na kidude changu kikiitika kwa niaba yangu, ti-ti, ti-ti, kwa kitu nisichokiona.

Nikaanza kuifungua lenzi. Ilikuwa bado haijatoka kwenye kamera.

Na hapo, chini, kichochoroni, nikasikia sauti ya mwanamke ikiita taratibu.

"Ekramul..."

Ilikuwa sauti yangu.

Lazima niseme jambo hapa. Ekramul ni jina la mume wangu, na tangu tuoane sikuwahi kulitamka. Kwetu mke wa malezi ya kizamani halitaji jina la mumewe. Wenye watoto husema "baba fulani". Sisi Mungu hakutujalia, basi mimi nilimwita "Unasikia?" Unasikia, chai iko tayari. Unasikia, mvua inakuja. Yeye alinitania kila siku ya Mungu. "Niite kwa jina mara moja tu, Mona, nijue na mimi nina jina." Nami nikaona aibu kila mara, nikamrushia kitambaa cha jikoni.

"Ekramul..."

Mara ya pili. Nami nilikuwa juu, mdomo umefungwa.

Nikasikia glasi ikiwekwa chini. Nikasikia kicheko chake, kicheko cha mtu aliyepewa zawadi.

"Naam! Nakuja, Mona! Nakuja!"

Nikakimbilia ukingo wa paa. "Wewe! Unasikia? Unasikia!" Nusu ya soko wakainua vichwa. Yeye hakuinua. Kila mke pale anasema unasikia. Alishapita wauza viatu, alishapanda tuta, ukungu ukammeza mabega.

Ningeshuka ngazi ningempoteza. Nikainua ile lenzi. Sikuitaka, lakini hakuna jicho lingine lililoweza kufika alipo.

Nikampata. Alikuwa anavuka mkono wa mto, suruali imelowa mpaka magotini, anacheka peke yake. Mbele yake alitembea mwanamke mwenye shali ya kijivu kama yangu. Yangu ilikuwa mabegani mwangu. Nikaishika kuhakikisha.

Kamera yangu niliifundisha nyuso mbili, ili kwenye umati izitafute hizo kwanza. Uso wa mume wangu na uso wangu. Ikizitambua, inaandika jina chini ya kisanduku.

Mwanamke akageuka, akatazama nyuma, juu ya paa.

Ti-ti.

Chini ya kisanduku likatokea jina.

Langu.

Sijui niliweka wapi aibu. Niliegemea ukingo, kamera bado jichoni, nikapiga ukelele mbele ya soko zima, mbele ya wauza viatu na wauza samaki.

"Ekramul!"

Mtu akacheka chini. "Leo kuna mtu atapigwa mchi wa kichwa!"

"Ekramul!"

Kwenye lenzi nikamwona anapunguza mwendo.

"Ekramul!"

Akasimama. Nikaona kichwa kinageuka, kinatafuta. Kisha ukungu ukafunga kama pazia, na kisanduku kikazunguka kidogo, kikakosa pa kutua, kikazimika.

Nikashuka ngazi sijui vipi. Na kabla sijafika mlangoni kwa Dulal, alikuwa amesimama pale. Mume wangu. Mzima. Nilimshika mkono wa shati, nikalia hadharani bila kujali nani anatazama.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia," akasema. Basi. Hakutania.

Dulal alikuwa ameshaichukua kamera yangu na kuifungua lenzi bila kuuliza. Aliizungushia kitambaa haraka. Akainama, akaninong'oneza:

"Amerudi, eeh? Nenda nyumbani, dada. Ila usimtazame sana."

"Kwa nini?"

"Nenda."

Njiani nilimtazama. Ningeachaje? Alitembea vizuri, akakwepa madimbwi, akawasalimu majirani. Suruali yake ilikuwa kavu. Nikajiambia upepo umeikausha, ingawa hakukuwa na upepo.

Nyumbani nikapasha wali na mchuzi wa samaki. Akakaa, akala kwa adabu. Nilikuwa namtazama mdomo. Mume wangu ni mtu wa kuchambua miiba, anaipanga ukingoni mwa sahani moja moja kama mshonaji apangavyo sindano. Usiku ule ukingo wa sahani ulibaki mweupe. Alitafuna vyote. Kru... kru... Akameza.

"Samaki mzuri," akasema.

Ametishika, nikajisemea. Mtu akitishika hajui anachokula.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Jobbar, kule kisiwani.

"Shemeji! Huyu mzee wako yuko kwangu. Amelowa, anatetemeka, lakini mzima. Ukungu umefunga, boti haitoki. Alfajiri namleta. Haya, ongea naye, simu yake anasema kaiacha nyumbani."

Simu ya mume wangu ilikuwa pale juu ya rafu, kweli, ikichajiwa tangu mchana.

Halafu sauti ikaja. "Mona... Nimekusikia. Mara tatu! Soko zima limesikia, kesho utapita wapi wewe?" Akacheka, meno yakigongana kwa baridi. "Nilijaribu kurudi, nikapotea, nikatokea kwa Jobbar. Mona, niite tena. Mara moja tu, nilale."

Mbele yangu, kwenye mkeka, yule mwingine aliacha kutafuna. Akainua macho.

"Nani huyo?"

Nikapima haraka, kama ninavyopima kila kitu maishani. Vitu hivi kazi yao ni sauti. Na simu ni nini? Ni sauti tupu. Hata ya Jobbar. Huyu aliye mbele yangu ana mikono, ana kivuli ukutani, ana kovu la jembe kwenye kidole gumba ambalo nililifunga mimi mwenyewe. Kati ya nyama na sauti, mwenye akili huchagua nyama.

"Mona? Unasikia?" ikasema simu. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kuniita hivyo. Ilinichoma.

"Umekosea namba," nikasema, nikakata.

"Watu wa kukosea namba ni wengi siku hizi," akasema yule wa mkekani, akaendelea kula.

Sikulala. Yeye alilala chali, bila kukoroma, mpaka adhana ya alfajiri. Nikatoka kimya na boti ya kwanza ya wauza maziwa kuelekea kisiwani. Nilitaka nimkute Jobbar hajui lolote. Niliomba nimkute hajui lolote.

Alikuwa akifuta umande kwa kitambaa kwenye turubai la boti yake. Nyuma yake, kwenye kamba, ilining'inia suruali ya mume wangu, bado inachuruzika.

"Shemeji? Mbona umerudi tena peke yako?"

"Nimerudi kutoka wapi?"

Kitambaa kikamdondoka mkononi.

"Jana... tulipomaliza kula. Mimi mwenyewe nilikuona, umesimama pale majini na shali yako. Ukamwita kwa jina. Nikamshika, wallahi shemeji, nilimshika mkono. Nikamwambia ngoja kaka, ngoja ya tatu, wewe si mtoto. Amevaa kikoi changu, anacheka, machozi yanamtoka..."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Jobbar, nimeingoja ya kwanza miaka yote hii. Siwezi kuingoja ya tatu.' Akanichoropoka, akakufuata majini."

Nilikunja suruali ile mbichi, nikaipakata. Boti ya maziwa ilikuwa inageuka kurudi. Upande wa pili, juu ya tuta, mtu alikuwa amesimama ananingoja, na alikuwa ameniletea chai.