Kasuku wa Kibinti Ngazi

Walikutana kwenye kibanda cha magazeti pale stendi kuu, saa ya watu kukanyagana, mikono yao yote miwili ikiwa juu ya nakala moja ya Kibinti Ngazi. Nani asiyemjua msichana yule wa hadithi za watoto, anayetembea na ngazi begani na kuiegemeza hata kwenye wingu? Siku hizi alikuwa akitoka kwenye katuni za kila mwezi.

"Dada, niachie. Mimi ndiye ninayemchora," alisema kijana mwenye shati jeupe lenye madoa ya wino.

"Na mimi ndiye ninayemnunua. Nani anamlisha mwenzake?"

Mchoraji akacheka, akaiachia nakala, akabaki kumwangalia dada wa watu na gauni lake la bluu. Alikuwa mpokea simu wa kliniki ya meno, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni.

Sauti hiyo ilikuwa na siri. Mbele ya wageni aliichunga, na "r" zake zikatoka safi. Akiwa na awapendao ulimi ulilegea, "r" ikawa "l". Shuleni walimcheka mpaka akaogopa kusema. Ukubwani aliyejua ni mama yake tu, na sasa Mchoraji, mpenzi wake.

"Nakupenda, loho yangu," alimwambia kwenye simu.

"Rudia."

"Sitaki! Utanicheka."

"Nikucheke wewe? Hiyo loho ni yangu peke yangu, usimpe mtu."

"Haya, lala. Kwaheli."

Asubuhi moja mama mmoja alimleta kliniki mwanawe, shavu limevimba, toleo jipya kwapani. Kibinti Ngazi amepata rafiki: kasuku mwenye gauni la bluu, anayepokea simu na kusema, "Kalibu, loho yangu!" Mtoto alicheka mpaka akasahau jino. Mama mtu naye akacheka. Mpokea simu alihisi amevuliwa nguo hadharani, tena na mtu aliyemwamini kuliko wote. Alijifungia chooni akalia.

"Umenifanya kasuku?" alimuuliza kwenye simu.

"Mpenzi, watu wanampenda! Mhariri anasema hatujawahi kuuza hivi."

"Nilikwambia wewe. Sikuuambia mji mzima."

"Utani tu huo. Mbona unakuza mambo?"

Akakata. Tangu hapo simu za Mchoraji ziliita bila kupokewa, mpaka ukaja ujumbe: nunua toleo jipya, tazama ukurasa wa mwisho.

Alilinunua pale pale stendi, maana bado alimpenda. Neno moja la samahani lingetosha. Kumbe Kibinti Ngazi ameegemeza ngazi kwenye mwezi, pete mkononi: "Utaolewa na mchoraji wangu?" Na kasuku, kwa herufi kubwa: "Ndiyo, loho yangu!"

Hata jibu alikuwa amemwandikia.

Simu ikaita. Safari hii akapokea.

"Umeona? Niambie basi, wasomaji wote wanasubiri!"

"Nimeona. Umeuliza, ukajijibu. Mimi nilihitajika wapi?"

"Loho, jamani, samahani..."

"Hiyo pete ipeleke ulikoitoa. Kwaheri."

"R" ilitoka safi, ile ile anayompa mgonjwa aliyekosea namba. Mchoraji hakuwahi kupewa hiyo.

"Rudia," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwaheri," akarudia, akakata simu.