Hodi Ndani ya Miwani

Darasa zima lilisema "Karibu" kwa pamoja, na hakuna mtu aliyekuwa amebisha hodi.

Mwalimu wa sayansi aligeuka kutoka dirishani. Wanafunzi wake walikuwa wameketi, kila mmoja amevaa miwani ya uhalisia pepe, ile kubwa inayofunika macho na kumfanya mtu ajione amesimama ndani ya somo lenyewe. Siku hiyo somo lilikuwa moyo. Walitakiwa kuelea na damu kutoka chumba hadi chumba.

"Mnamkaribisha nani?"

"Anayebisha, Mwalimu. Yuko nyuma ya mlango."

"Moyo una vali. Mlango gani tena?"

"Wa mbao. Una komeo."

"Huyo kaona mlango wa jikoni kwao, njaa hiyo!" mmoja alidakia, wakacheka. Ni binti wa mwalimu tu ambaye hakucheka, yule waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Mwalimu alijaribu miwani ya binti yake. Aliona kuta nyekundu zikidunda, basi. Lakini sponji iliyomgusa usoni ilikuwa baridi, na ilinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa asubuhi hiyo.

Hakuwalaumu. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba anayebisha haachwi nje bila kujibiwa.

Tangu siku ile watoto walianza kuamka usingizini na kwenda kufungua milango ya nyumba zao. Wazazi walikuja juu, mkuu wa shule akasalimu amri, na mganga akaitwa: mwanamke wa makamo, mpole, aliyeomba kwanza maji ya kunywa. Alizipanga miwani zote sakafuni, akainusa moja.

"Hakuvunja mlango huyu," alisema. "Aliitwa. Waliomwita ndio wamtoe."

Mtoto mmoja mmoja alipiga magoti, akaweka mkono juu ya miwani yake na kusema, "Nilikukaribisha. Sasa toka." Kila sauti iliposikika, harufu ya udongo ilipungua. Ilipofika zamu ya Chiriku, midomo yake ilicheza lakini sauti haikutoka. Mganga alikuwa ameinama akimbembeleza mtoto aliyekuwa akilia.

"Huyu amesema?" aliuliza alipoinuka.

Wazazi walikuwa wamejaa madirishani. Mwalimu aliyaona macho yao, akamwona na mwanawe anavyotetemeka.

"Amesema," alijibu haraka.

Mganga alimtazama kitambo. "Haya. Akirudi, atabisha. Asijibiwe na mtu."

Usingizi wa watoto ukatulia. Chiriku peke yake ndiye aliyeacha kuongea, na mwalimu, mama yake, akajiambia kwamba mtoto anakua, anatulia, ndivyo wanavyokuwa.

Jumamosi moja alasiri, mvua ikimwagika, mlango wa mbele uligongwa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Ilikuwa sauti ya mama mzazi wa mwalimu. Mwalimu alikwishanyanyuka kabla hajakumbuka onyo la mganga, akasimama katikati ya sebule na mkono mdomoni.

"Mwanangu, nalowa huku! Mmelala?"

Akajiuliza kama ndiyo ile hodi isiyopaswa kujibiwa, kwa maana mama hakuwa amepiga simu kusema anakuja, ingawa hakuwa na mazoea ya kupiga simu, na kikohozi kile kilikuwa chake, na kule kuburuza mguu wa kushoto kulikuwa kwake, lakini kitu kilichoweza kupita katika miwani na kuwaamsha watoto wa watu kingeshindwaje kukohoa, kwa hiyo alibaki palepale, machozi yakimtoka, akimsikiliza mama yake akilowa, huku akivuta pumzi taratibu kutafuta harufu ya udongo mbichi kwenye upenyo wa mlango.

Mlangoni palinuka mvua tu.

Harufu ya udongo ilitoka nyuma yake, chumbani alimokuwa Chiriku peke yake.

"Karibu," ilisema sauti nzito kutoka humo, kwa utulivu wa mwenye nyumba. "Pita, Bibi. Mlango uko wazi."

Komeo la mlango wa mbele likateleza lenyewe.

"Asante, baba," mama yake alijibu kule nje, akikung'uta matope viatuni. "Nilidhani hamna mtu."