Alama Tisini na Nane za Mtanashati

"Mia kwa mia," mama mkwe mtarajiwa alisoma kwenye kishikwambi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mia ilikuwa bado pale pale. "Binti, umeiba."

Kichwa aliweka mikono magotini. Waliombatiza jina hilo darasa la pili walikusudia kilichomo ndani, si ukubwa, ingawa walimwengu hawakosi la kusema.

"Nimeiba wapi, mama? Niko mbele yako tangu saa nane. Hata chooni umenisindikiza."

"Mwanangu alipata tisini na nane, ofisi nzima ya bima ikatikisika. Wewe umzidi? Baba yako anachonga funguo za milango asiyoruhusiwa kuingia."

"Anazichonga vizuri, mama. Zote zinafungua."

Mtihani wenyewe ulikuwa wa akili. Kampuni ile ya bima huwapa waomba kazi waufanye kwenye kompyuta, majumbani mwao, bila msimamizi, kwa imani kuu kwamba binadamu ni mwaminifu. Mama naye alikuwa ameapa kwamba posa haipelekwi popote mpaka mchumba aufanye, mjukuu wake asije akazaliwa na akili ya kuazima.

Bwana mchumba, kijana aliyeitwa Mtanashati kwa sababu ambazo shati lake lilizieleza lenyewe, alikuwa kwenye kochi akichunguza zulia kama aliyeangusha pete.

"Mwanangu, sema wewe," mama aliagiza. "Huyu majibu yako aliyaona wapi?"

Kichwa alimtazama. Miaka minne ya mapenzi ilikuwa imekaa kwenye kochi lile. Tisini na nane zile zilipatikana kwenye meza ya fundi funguo, Kichwa akijibu kwa jina la Mtanashati na kukosea maswali mawili makusudi ili mtu asishuku. Leo alitaka malipo madogo tu: mwanamume aseme kweli mbele ya mama yake. Aseme, ndoa iwepo.

Mtanashati alikohoa.

"Mama, huenda aliyaona kwenye simu yangu. Mimi huwa simfichi kitu."

"Rudia," Kichwa alisema.

"Usikasirike, mpenzi. Si kosa kubwa. Mama atakusamehe."

"Ni kweli, mama, niliyaona," Kichwa alisema. "Niliyaona vizuri sana, maana ni mimi niliyekuwa nikiyaandika."

Mama alicheka kwa pua. "Njia ya mwongo ni fupi, binti."

"Basi tuimalize haraka. Msomee swali la kwanza. Ndilo rahisi kuliko yote."

Mama alisoma kwa sauti ya anayesoma wasia. "Mafundi watatu hujenga kuta tatu kwa siku tatu. Mafundi tisa watajenga kuta tisa kwa siku ngapi?"

Mtanashati alitazama dari. Feni ilizunguka bila kumsaidia.

"Inategemea," alisema.

"Inategemea nini, mwanangu?"

"Mafundi wenyewe." Akameza mate. "Tisa. Au ishirini na saba."

Gazeti lililokuwa kwenye kiti cha pembeni likashuka, na nyuma yake akatokea baba wa nyumba, ambaye kila mtu, mkewe akiwemo, alimwita Mzee.

"Inatosha. Mnamtesa mtoto."

"Kumbe ulijua?" mkewe aliuliza.

"Nimemlea. Ningekosaje kujua?" Mzee alikunja gazeti kwa utaratibu. "Hisa nyingi za kampuni ile ni zangu, mke wangu. Hata angepata kumi angeajiriwa. Hizo tisini na nane zilitusumbua tu. Watu wakaanza kumuuliza maswali."

Kichwa alimgeukia.

"Mzee, na mimi niliomba. Wiki ileile, kwa jina langu. Nilipata mia. Nikajibiwa nafasi zimejaa."

"Hazikuwa nafasi, binti. Ilikuwa moja."

Kichwa akamgeukia Mtanashati. "Ulijua?"

"Nilijua," Mtanashati alijibu polepole. "Nilinyamaza kwa sababu nakupenda. Ungeumia bure."

"Mimi si mtu mbaya," Mzee aliendelea. "Njoo umsaidie ofisini. Utapewa meza, nyuma ya yake kidogo, na mshahara wa karani. Ndoa, hapana. Mama yake ameshamwona binti wa mwenye kiwanda cha rangi."

"Mtoto mzuri," mama alisema. "Huyo hatutampa mtihani."

Uso wa Mtanashati uling'aa. "Kubali, mpenzi. Tutakuwa tunaonana kila siku."

Kichwa alichukua mkoba wake, akaaga kwa adabu kama alivyofundishwa kwao, akatoka. Alipofika getini alisikia viatu vikimkimbilia. Moyo ukamruka, maana moyo haujawahi kufaulu mtihani wowote.

"Subiri," Mtanashati alisema akihema. "Ile ripoti yangu ya Jumatatu, umefika wapi?"

"Kurasa tatu. Umebaki wa nne."

"Utaumaliza?"

"Nitaumaliza."

"Najua moyo wako." Akamgusa bega, akarudi ndani chai isije ikapoa.

Jumapili Kichwa alimtumia ripoti. Alijua Mtanashati hajawahi kusoma kitu kabla ya kukisoma mbele za watu. Ukurasa wa nne ulisema: "Mimi ninayewasomea maneno haya sikuyaandika, wala siyaelewi. Mtihani nilifanyiwa na mwanamke niliyeahidi kumwoa. Kazi hii ilikuwa yake. Mimi nina baba tu."

Jumatatu alikaa kwenye duka la fotokopi alikokuwa akiwachapia watu barua, simu mbele yake, akisubiri nyumba ya watu iungue. Saa nne, kimya. Saa tano, kimya. Saa sita simu ikatetemeka.

"Mpenzi, wameipenda."

Kisha nyingine: "Ukurasa wa nne walicheka mpaka mwenyekiti wa bodi akatoa leso. Wanasema kiongozi anayeweza kujicheka mwenyewe ni adimu. Baba hakucheka ila alipiga makofi. Nimepandishwa cheo."

Na nyingine: "Ulijuaje watapenda utani? Kweli wewe ni Kichwa."

Alizisoma mara mbili. Kicheko kilimtoka kikaishia vibaya, akalazimika kujifuta macho kwa karatasi iliyoharibika.

"Dada, kwema?" aliuliza mteja aliyekuwa akisubiri na bahasha mkononi. "Barua yangu ya kuomba kazi. Nimeambiwa ukiandika wewe mtu hakosi."

"Dakika moja, kaka."

Akaandika: "Hongera. Ripoti ya mwezi ujao andika mwenyewe. Na huyo binti wa rangi, barua za mapenzi mwandikie mwenyewe pia."

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini.

"Kwani nimekukosea nini?"

Miaka minne Mtanashati alimtumia maswali, ya hesabu, ya barua, ya mikataba, na hakuna hata moja lililokosa jibu. Hili Kichwa alilitazama mpaka kioo kikazimika chenyewe. Akaifunika simu juu ya mashine ya fotokopi, akamgeukia mteja.

"Tuanze na jina, kaka. Lako mwenyewe."