Nzi Kwenye Kidole cha Pete

"Kaka, huyo si mbu bwana!"

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwenye duka la kusafisha picha, wateja wamejazana hadi mlangoni. Mpiga picha aligeuka kumtazama dada mwenye gauni la njano aliyechungulia picha ya mdudu kwenye simu yake bila hata hodi.

"Ni nini basi, mwalimu?"

"Nzi mcheza ngoma. Dume haendi kwa jike mikono mitupu, lazima abebe mdudu wa zawadi."

"Kumbe ana adabu kunishinda."

Kazi ya dada huyo ilikuwa kutambua wadudu katika maabara ya makumbusho. Tangu siku hiyo mpiga picha akawa anamtumia nzi kwa simu, kila picha imekatwa akabaki mdudu peke yake, naye dada akimjibu ni wa aina gani. Wakapendana hivyo, nzi kwa nzi.

Kisha ikaja picha ambayo haikukatwa. Dada akaikuza atazame mishipa ya bawa, kama kawaida yake, ndipo akaona nzi ametua wapi. Kwenye kidole cha mwanamke, chenye pete.

Tangu mwanzo aliogopa kwamba mwanamume mtamu hivi hawezi kukosa mwenyewe. Akazima simu. Asubuhi nzima maabara alikosea majina ya wadudu. Alipoiwasha tu, ikaita.

"Mpenzi, nzi wangu ni wa aina gani?"

"Kamuulize mkeo!"

"Mke yupi tena?"

"Mwenye pete!"

Mpiga picha akaifungua tena picha aliyoituma.

"Nakuja," akasema.

Alifika maabara jasho likimtoka.

"Niambie ukweli," dada alisema. "Nitaumia, lakini niambie."

"Weka mkono wako kando ya picha."

Akauweka. Kovu la pasi lilikuwa palepale, kwenye mkono wake na kwenye picha. Anayemjua nzi kwa vinyweleo vya mguu hakuujua mkono wake mwenyewe!

"Ulipitiwa na usingizi bustanini," mpiga picha alisema. "Nikakuvisha pete niliyokununulia nione kama inakutosha, nzi akatua, nikapiga picha. Halafu nikaogopa utaamka useme hapana. Nikaivua. Na picha nikaituma nimesahau kuikata."

"Mwizi wewe! Unanichumbia nimelala?" Machozi yalimlengalenga.

"Niliogopa, mama."

"Na mimi je? Unadhani leo nilikuwa nacheza?" Akamnyooshea mkono. "Haya, nivishe nikiwa macho. Naogopa, lakini nivishe."