Sauti Aliyoikata Msusi

Mama alimshukuru kwa maji ambayo hakumpelekea.

"Ahsante, mwanangu. Yalikuwa ya baridi vizuri," alisema kutoka pembeni ya kitanda, glasi ikiwa mkononi.

Msusi alikuwa sebuleni tangu mchana, mbele ya kompyuta, na hakukumbuka kuinuka. Aliipokea glasi ili akaioshe. Ilikuwa kavu, na vumbi la kabatini bado lilikuwa limetanda ndani yake. Akaiosha hivyo hivyo, akarudi kwenye kiti. Tangu wamzike Staa, mambo mengi nyumbani yalikuwa hayaeleweki, naye hakuwa na nguvu za kuyafuatilia.

Staa alikuwa mdogo wake, kitinda mimba, na jina hilo alijipa mwenyewe. Alikuwa amepagawa na tamthilia moja ya televisheni, ile ya mama tajiri anayemkana binti yake kisha anazunguka dunia nzima kumtafuta. Kuitazama tu hakukumtosha. Alijifunga kilemba, akajipaka wanja, akaigiza upande wa mama tajiri, huku dada yake akimrekodi kwa simu na kumsomea maneno ya binti kutoka nyuma ya kamera. Walikuwa wakicheka mpaka picha inatikisika. Nia yao ilikuwa kutengeneza video ya mashabiki: Staa upande huu, waigizaji wenyewe upande ule, wajibizane kama watu walioko chumba kimoja. Kundi zima la mashabiki lilishaahidiwa. Kisha homa ikaja, ikaondoka naye.

Ndiyo maana msusi, ambaye kazi yake na kompyuta ilikuwa kuifuta vumbi, sasa alikuwa akijifunza kuhariri video. Hakuwa amelia. Msibani alipokea pole kama anavyopokea wateja, akarudi saluni, vidole vikasuka, mdomo ukaitikia salamu, na ndani yake kukawa kama chumba kilichohamwa. Alijiambia kwamba akiimaliza video, huenda kitu kikamtoka.

Aliyemwekea programu ni kiongozi wa kundi la mashabiki, fundi wa televisheni aliyejulikana kwa jina la Rimoti.

"Huu mstari wa juu ni picha, wa chini ni sauti," alimwelekeza. "Unasogeza kijiti mpaka hapa, unabonyeza mkasi, tayari."

"Na nikikosea?"

"Wewe kata tu, dada. Kompyuta haina damu. Halafu ulichokikata hakijafutika, kimejificha. Ukiuvuta ukingo wa kipande, kinarudi."

"Kama nywele ya mtu ndani ya rasta."

"Hayo unamwambia mwenye kipara?" Rimoti alijipapasa kichwa. "Sikiliza. Wanaoanza wanaponzwa na huruma. Kila kitu wanataka kibaki."

Msusi hakuponzwa na huruma. Kitu cha kwanza kukata kilikuwa sauti yake mwenyewe, na hapo hakukosea, kwa kuwa maneno ya binti yangesemwa na mwigizaji wa kweli. Lakini hakuishia hapo. Alikata pia yale aliyomwambia mdogo wake katikati ya kurekodi: geuka huku, kunywa maji kwanza, kula kidogo mpenzi, nipo hapa, tuanze tena. Alikata na vicheko vyake vyote. Sauti ile ilikuwa ya mtu mwenye furaha, naye aliisikiliza kama unavyomsikia jirani nyuma ya ukuta, bila kumjua.

Siku iliyofuata ile ya glasi kavu, jua likiwa bado kali, akiwa na kidole juu ya kitufe, alisikia kutoka chumbani kwa mama:

"Kunywa maji kwanza."

Aliitazama kompyuta. Ilikuwa imesimama, spika imezimwa. Ndipo ikamjia harufu ya ncha za rasta zilizounguzwa kwa kiberiti, harufu ya mikono yake mwenyewe baada ya kazi, na siku hiyo hakuwa amesuka mtu.

"Kula kidogo mpenzi," sauti ilisema, na mama akajibu, "Haya, lete."

Aliinuka, akapita ukumbini kwa kunyata ndani ya nyumba aliyozaliwa, mkono ukipapasa ukuta, akijiambia kwamba mama anaota, au redio ya jirani imepandishwa, au kichwa chake ndicho kilichochoka, na kila alivyosogea harufu ilizidi na sauti ilizidi kuwa yake, na meno yake madogo aliyasikia yakiyakata yale maneno, na ule mvuto wa mwisho wa neno aliokuwa akitaniwa nao tangu shule, mpaka akafika mlangoni na kumwona mama amekaa peke yake, kinywa wazi, akitafuna hewa.

"Mama," alinong'ona. "Unaongea na nani?"

"Si na wewe?"

"Mimi niko huku mlangoni."

Mama alimtazama, akatazama pembe ya chumba, akamtazama tena. "Wa mlangoni hasemi na mimi," alisema taratibu. "Huyu anasema."

Kuanzia hapo mama akawa hatoki. Akiitwa mezani anasema ameshiba, ameshalishwa. Mikono yake ikakonda hadi bangili zikawa zinamfika kiwiko. Msusi alimbembeleza kwa uji, lakini sauti yake ilitoka bapa, kama mtu anayesoma kibao cha dukani, na mama alifunga midomo. Kisha kutoka pembeni kukasemwa, kwa upendo wote, "Kula kidogo mpenzi," na mama akafungua kinywa kupokea kisichokuwepo. Msusi aliona wazi kwamba mama yake atakufa kwa njaa huku akilishwa. Alilijua hilo kama unavyojua mvua inanyesha. Akatoka kwenda kumwita Mkunga.

Mkunga alikuwa ameshastaafu kuzalisha, lakini watu bado walimfuata kwa mambo mengine. Alikaa ukumbini, akasikiliza, akanusa.

"Linasema maneno gani mengine?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Niliyoyakata tu. Hakuna jipya."

"Basi ndiyo hayo. Jini halina sauti, mwanangu. Linaokota. Wewe umetupa, lenyewe limeokota."

"Sikutupa, bibi. Nilikuwa nahariri."

"Mimi na kompyuta ni paka na maji, msamiati huo sina. Ila kitu kilichokosa mwenyewe nakijua. Virudishe ulikovitoa. Vyote. Hata pumzi usiiache. Likikosa cha kusemea litaondoka."

Mkunga akaanza kisomo chake cha kufukuza jini pale mlangoni pa chumba cha mama, na msusi akakaa kwenye kompyuta. Alivuta ukingo wa kipande cha kwanza, na sauti yake ikarudi mahali pake ndani ya video, na kule chumbani neno moja likakatika katikati. Akavuta cha pili. Akawa anavuta bila kusikiliza, na kila alipovuta kitu chumbani kiligonga ukuta, kikapiga kabati, kikatambaa juu ya dari kwa mlio wa kucha, kikasema nusu ya geuka, nusu ya nipo, silabi, mkoromo, harufu ya kuungua ikajaa hadi macho yakamtoka machozi yasiyo ya kulia, na juu ya yote hayo mama akilalamika kama mtoto anayenyang'anywa, mbona unaninyamazia, mwanangu, mbona unaninyamazia.

Kilibaki kipande kimoja, cha kicheko. Mama alitokea akijishikiza ukutani, akamkamata mkono.

"Niachie kicheko," alinong'ona, akitazama upande wa Mkunga asije akasikia. "Kicheko tu. Hakina maneno, kitanilisha nini? Wewe hucheki tena. Sikulaumu. Lakini hucheki."

Msusi aliutazama ukingo wa kile kipande. Alitafuta ndani yake sababu ya kukubali, na sababu ya kukataa, na hakuikuta yoyote. Akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Vyote?" Mkunga aliuliza kutoka mlangoni.

"Vyote, bibi."

Jioni ile mama alikula wali, akaomba kuongezewa. Video ilipelekwa kwenye kundi, mashabiki wakamimina mioyo na pole. Rimoti alimwandikia kwamba kazi ni safi, ila sauti yake inasikika nyuma, angeikata. Msusi akarudi saluni. Mama alinawiri. Ikifika mchana, majirani walisema, ndani ya nyumba ile kulikuwa kukisikika kicheko, na haikuwa ajabu kwao. Waliona kheri, msiba umepoa.

Siku moja maji yalikatika saluni, akarudi mapema. Mlango ulikuwa umetiwa komeo kwa ndani. Ndani walikuwa wakicheka watu wawili.

Alibisha. Vicheko vikanyamaza.

"Nani?" mama aliuliza.

"Mimi, mama."

"Mimi nani?"

"Mwanao."

Mama alisogea hadi nyuma ya mlango. Pumzi zake zilisikika kwenye ubao.

"Mwanangu ninaye humu," alisema. "Namjua kwa kicheko chake. Wewe cheka nikusikie."

Msusi aliweka chini mfuko wake wa vitana. Alisimama wima, kama alivyokuwa akimsimamisha mdogo wake kabla ya kurekodi, akafungua kinywa.

"Ha," alisema. "Ha. Ha."

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kwa uvumilivu.

"Siyo," alijibu kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyekosea nyumba, na komeo la pili likaingia.