Kifungua Meli cha Twahir Mselem

Kwa jina la Mola aliyekiumba chuma na kukitia nguvu, naanza. Rehema na amani zimfikie Mtume Wake, jamaa zake na masahaba zake.

Watu wa kisa hiki ni watatu. Wa kwanza ni Mhandisi Batuli binti Shee, mjane, mkuu wa ukaguzi katika Bandari Mpya iliyo kusini mwa Mombasa. Wa pili ni Twahir Mselem, mwagizaji wa magari yaliyotumika ng'ambo. Wa tatu ni Fathiya, binti wa pekee wa Twahir, mjamzito wa miezi saba. Mwaka ulikuwa wa elfu moja mia tano na kumi na nne wa Hijria.

Asubuhi ya kisa hiki Msomachuma, mashine ya kukagua magari, alikuwa katika siku yake ya kwanza ya kazi. Alisimama mwisho wa daraja la meli mfano wa lango kubwa la shaba. Kila gari lililopita chini yake lilipigwa wimbi lisilosikika na sikio la mwanadamu, kisha mashine ikausikiliza mwangwi wake. Kila mtikisiko, kila joto na kila maji yanayokiingia chuma huacha kovu katika chembe zake. Kwa makovu hayo Msomachuma aliutambua umri wa gari, masafa liliyokwenda na maafa yaliyolipata, kisha akayatamka yote kwa sauti mbele za watu, kama sheria ilivyoagiza.

Kabla yake ukaguzi ulitegemea karatasi. Sheria ilikataza gari lililopita miaka minane, na ilitaka cheti cha ukaguzi kitolewe huko huko linakotoka. Ushuru ulikadiriwa juu ya jumla ya bei, bima na nauli ya meli, ukazidi kwa ukubwa wa injini. Sheria zilikuwa njema, ila wenye pupa walibuni kifutamasafa, kidude cha ukubwa wa tasbihi kilichoingizwa katika ubongo wa gari kikaifuta historia yake yote. Gari lililozama katika mafuriko likaoshwa, likang'arishwa, likapewa cheti.

Gari la namna hiyo ndilo lililomuua Lali, mumewe Batuli, miaka saba kabla ya siku hiyo, katika mteremko wa Mazeras. Muuzaji alikuwa Twahir. Hakimu wa serikali alikitazama cheti, akakiona safi, akamwachia. Batuli alikwenda lilikotupwa gari, akakata kipande cha bomba la breki kilicholiwa na chumvi. Kipande hicho ndicho alichomfunzia Msomachuma kusoma. Aliswali, alifunga, alitoa sadaka, na hakusamehe.

Wafanyabiashara wa magari wa pwani hiyo wana ada yao. Gari la kwanza kushuka huitwa kifungua meli. Hunyunyiziwa marashi, likaendeshwa na mtu wa damu ya mwenye shehena, na wakaguzi huliacha lipite bila kuligusa. Batuli aliijua ada hiyo, na ndiyo sababu alimsimamisha Msomachuma pasipo na njia ya pembeni.

"Bi Mhandisi," alisema Twahir, chupa ya marashi mkononi, "hilo lango lako limekula? Lisije likatafuna bati za watu."

"Limefunga, Bwana Twahir. Leo linafuturu kwako."

Makuli wakacheka, na Twahir akacheka nao. Alidhani mashine inasoma ubongo wa gari, na ubongo wa kila gari alikuwa ameufuta.

Gari jeupe likashuka. Kwenye usukani alikuwa Fathiya, akimpungia baba yake mkono. Alikuwa akielekea kwake Mariakani, na njia yake ingepitia mteremko ule ule.

Kioo cha Msomachuma kilichokuwa mkononi mwa Batuli kikaonyesha maandishi kabla ya sauti kutoka: *limezama siku tisa, mabomba ya breki yameliwa.* Karibu na maandishi palikuwa na kitufe cha kumnyamazisha Msomachuma. Kidole cha Batuli kikatulia juu ya kitufe. Angekibonyeza, binti angepita, ada ingeheshimiwa, na Twahir angeletewa maiti kama yeye alivyoletewa.

Akakiondoa kidole, akafunga kizuizi mbele ya gari, kisha akamwonyesha Twahir kioo.

Uso wa Twahir ukasawijika. "Ponda magari yote," alinong'ona. "Yote mia mbili na arobaini. Lakini lizime hilo lango lisiseme. Aliye garini ni mwanangu, asisikie."

"Ulijua?"

"Wallahi sikujua ni lipi. Nilifuta yote, Bi Mhandisi. Hata mimi siwezi tena kujua lipi zima na lipi bovu. Nilimchagulia linalong'aa."

"Na lile la Lali, lilikuwa linang'aa?"

Twahir akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe ni nani wake?"

"Mkewe. Simama hapo usikilize."

Msomachuma akatamka. Alitaja mwaka, mto uliofurika, siku tisa za maji na mabomba yaliyoliwa, kwa sauti ile ile ambayo angelisifia gari jipya. Fathiya akazima injini, akashuka, mkono mmoja tumboni.

"Baba, gari lililosemwa ni hili langu?"

Twahir akaificha chupa ya marashi nyuma yake.

"Na yale uliyokwisha kuwauzia watu?"

Twahir aliposogea kumshika, Fathiya akarudi nyuma, akaenda kusimama kando ya Batuli, mtu asiyemjua. Hapo Batuli alikipata kisasi alichokitafuta miaka saba, akakionja hadi tone la mwisho, wala hakuona haya. Twahir alibaki darajani na chupa ya marashi, wakati magari yake yakisomwa moja baada ya jingine, na hakuna aliyemwambia aketi.

Mola amrehemu Lali na ailaze pema roho yake. Awabariki waliobaki: mjane aliyekiondoa kidole, mtoto aliyekuwa tumboni, na kila mja anayeteremka Mazeras leo akiziamini breki alizouziwa. Amin.